Tanbihi ya Kumi na Nne

Mpango namba 347, usafiri wa wagonjwa,
kaunti tatu za magharibi mwa Nebraska:
gari moja, dereva mmoja, abiria wanne.
Gawanya gharama kwa safari, unapata
dola mia moja themanini na sita.
Nikapiga mstari mwekundu. Kalamu haikusita.

Ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na tisa sasa.
Kila dola ya jimbo naikalisha kitini, naihoji:
ulikwenda wapi, ulimkuta nani,
ulimwacha vipi?

Mali bila daftari huisha bila habari.
Hilo sibishi, nimeiona ikiisha:
mfumo wa kompyuta wa dola milioni tatu
uliokuja kuunganisha idara mbili
za ghorofa moja, milango ikitazamana,
na hadi leo Bi Pospisil hubana faili kwapani
akavuka korido.

Nimeuona na mpango uliopendwa.
Vijana wakorofi wapelekwe gerezani siku moja,
wasikie lango likifungwa nyuma yao,
waogope, watulie.
Magazeti yaliupenda. Na mimi, nakiri, niliupenda.
Nikafuata majina mia nne kwa miaka mitano.
Walioogopeshwa walirudi mahakamani
kama wasioogopeshwa, wakawazidi kidogo.
Nikaandika: hakuna ushahidi wa matokeo.
Maneno manne; kwa ajili yake
watu wawili hawanisalimu tena kwenye lifti.
Mpango bado upo. Umeshonewa fulana mpya.

Basi Januari, kwa kuwa kanuni yadai
mkaguzi aone kwa macho yake,
nilipanda gari la 347 saa kumi na moja alfajiri,
baridi inakata masikio,
Twyla Engelhaupt kwenye usukani
na blanketi magotini, maana kipasha joto
kilikufa tangu Krismasi.
(Ombi la matengenezo: limepokelewa. Linashughulikiwa.)

Tulimchukua Leland Kucera, mkulima wa maharage zamani,
mikono yake mipana bado inatafuta kitu cha kushika.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
maili themanini na mbili kwenda kusafishwa damu,
maili themanini na mbili kurudi.
"Wewe ndiye wa hesabu?"
"Ndiye."
"Haya, nihesabu."
Akavuta kofia machoni, akalala.

Kisha ndugu wawili wa Minatare, ambao hawasemezani
na wameomba viti vya mbalimbali.

Kisha Twyla akasimama mbele ya nyumba yenye giza.
Injini inanguruma. Hakuna anayetoka.
Dakika moja. Ya pili.
Akaondoa gari.
"Bi Arreola," akasema. "Alifariki Novemba.
Mguu wenyewe tu unakanyaga breki."

Dakika mbili za mafuta, mara tatu kwa wiki.
Niliziandika; ni kazi yangu.
Abiria watatu, si wanne: nikaliandika na hilo,
na gharama kwa safari ikapanda.

Usiku, hotelini, nilianza upya.
Nilikuwa nimegawanya kwa safari zilizofanyika.
Ile isiyofanyika sikuwa nimeitia bei:
helikopta ya dharura juu ya theluji,
kitanda cha hospitali, siku sita, siku tisa,
shamba kuuzwa ili Leland ahamie karibu na mashine.
Nikajumlisha mara tatu, kwa kuwa sikuamini.
Mstari mwekundu ukabaki ukinitazama.

Ripoti ina kurasa tisini na nne.
Hayo yote yamo ukurasa wa sitini na moja, chini,
herufi ndogo, tanbihi ya kumi na nne;
bosi wangu alisema jedwali halina nafasi.
Kamati ilinipa dakika kumi na moja.
Seneta mmoja akaangalia saa: "Kwa ufupi, mama,
unafaa au haufai?"
Nikasema, "Fungua ukurasa wa sitini na moja."
Nikasikia karatasi zikifunuliwa.
Si zote.

Kura ni Machi. Leo ni Jumatano, alfajiri.
Hapa Lincoln theluji imeanza,
na kule, bila idhini ya fungu lolote,
gari limesimama mbele ya nyumba yenye giza.
Dakika moja.
Ya pili.